Vyombo Vipya vya Siku Hizi: Kipi Kinastahili Fedha Yako?

Ndugu msomaji, ukienda mnadani wakati wa mavuno utaona meza zimejaa vyombo vipya: taa za sola za kila namna, redio ndogo zenye tochi, simu janja zinazong'aa kama kioo, betri za akiba, nyaya za kila rangi. Muuzaji anapaza sauti, nawe mfukoni una fedha ya magunia mawili ya mahindi, au ya mbuzi yule uliyemlea tangu mwaka jana. Fedha hiyo hiyo ndiyo sare ya mtoto, ndiyo chumvi na sabuni. Je, ununue? Na kama wanunua, ununue nini?

Mimi ni mpenzi wa vyombo hivi, wala sifichi. Kinapokuja kipya nataka nikishike, nikigeuze, nijue chafanyaje kazi yake. Wenzangu hunicheka. Lakini kwa kuwa nimevishika vingi, nimejipatia kipimo changu. Kwanza nauliza: mtandao ukikatika, na umeme usipokuwapo, je, chombo hiki kitanitumikia au kitakaa kabatini kama sahani ya mapambo? Pili: nikishamaliza kukilipia, kitanidai nini tena? Maswali hayo mawili tu huondoa zaidi ya nusu ya vitu vilivyo juu ya meza ya muuzaji. Liko na la tatu, lakini hilo nitalitaja mbele, maana ndilo lenye hatari.

Tuanze na taa. Koroboi twaijua sote. Moshi wake waingia puani, masizi yashika ukutani na katika madaftari ya watoto, na ikipinduka juu ya mkeka usiku, Mungu atuepushe. Yuko Mmarekani mmoja, Sam Goldman, aliyekuwa akifanya kazi ya kujitolea huko Benin, Afrika Magharibi. Mtoto wa jirani yake akaungua vibaya kwa moto wa taa ya mafuta. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Baadaye, aliporudi Marekani kusoma, yeye na mwenzake Ned Tozun wakaanzisha mwaka 2007 kampuni ya d.light, ili kutengeneza taa ndogo za jua kwa nyumba zisizo na umeme. Leo makampuni mengi hutengeneza taa za namna hiyo, nzuri kwa mbaya.

Kazi yake si ya uganga. Paneli yapokea mwanga wa jua na kuugeuza kuwa umeme. Umeme wahifadhiwa katika betri. Usiku ile taa ndogo iitwayo LED yaula kidogo kidogo, kwa kuwa haipotezi nguvu nyingi katika joto kama balbu za zamani. Ndiyo sababu paneli iliyo kubwa kama daftari yaweza kumpa mtoto mwanga wa kusomea. Chombo hiki chashinda kipimo changu cha kwanza bila taabu: hakijui mtandao ni nini.

Hata hivyo wengi wanazinunua taa hizi na baada ya miezi michache walalamika kwamba zimekufa. Mara nyingi zimeuawa. Jirani aiweka paneli chini ya mwembe kwa kuogopa wezi, naye hajui kwamba kivuli cha tawi moja tu juu ya pembe ya paneli chaweza kupunguza umeme wake mno. Mwingine ailaza taa nzima, pamoja na betri yake, juu ya bati la moto tangu asubuhi hadi jioni. Jua ni chakula cha paneli, lakini joto ni sumu ya betri. Kama waya unafika, paneli ikae juani na taa ikae ndani kivulini. Kama viwili hivyo vimeungana pamoja, weka kipande cha ubao chini yake kisiguse bati. Tena futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Usisugue kwa mchanga kama sufuria.

Sasa juu ya kulipa. Mwaka 2012 huko Kenya kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza vyombo vya sola kwa malipo ya kila siku, yanayotumwa kwa simu. Watoa kwanza fedha kidogo, wachukua chombo nyumbani, kisha walipa kidogo kidogo. Usipolipa, chombo chajifunga chenyewe hata ulipe tena. Utaratibu huu umeenea katika nchi nyingi, nao umewasaidia watu wasioweza kutoa bei yote kwa siku moja. Siusemi vibaya. Nasema tu: chukua kalamu. Tuseme, kwa mfano, wadaiwa shilingi 20,000 za kuanzia, na shilingi 1,000 kila siku kwa siku 365. Jumla yake ni shilingi 385,000. Kisha muulize muuzaji bei ya chombo hicho hicho kwa fedha taslimu. Akikwambia 250,000, basi wajua kwamba ile subira yake waitozwa 135,000. Huenda bado wakubali, maana mafuta ya taa nayo yana gharama, na macho ya watoto hayana bei. Ila ukubali ukiwa umejua. Muuzaji asiyetaka kukufanyia hesabu hiyo mbele ya mkeo, au mama, mbele ya mumeo, ana sababu yake.

Haya, tutoke nyumbani twende shambani, maana huko ndiko kuliko na chombo ambacho mimi nakihesabu kuwa cha ajabu kuliko vyote, nacho hakiuzwi hata senti.

Wale wanaolima mihogo wanayajua maradhi mawili yanayoiharibu. La kwanza ni batobato: majani yajikunja, yawa madogo, na kuwa na mabaka ya manjano na kijani. Ugonjwa huu si mgeni. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894, tena katika nchi hii yetu. La pili ni michirizi ya kahawia, ulioelezwa mwaka 1936 na Bwana H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Huu wa pili ni mdanganyifu. Shamba laweza kusimama zuri, mtu akapita akalisifu, kumbe chini mizizi imeoza mioza mikavu ya rangi ya kahawia, haifai kwa ugali wala kwa kuuza. Mama amengoja mwaka mzima, anang'oa shina la kwanza, la pili, la kumi, yote ni hayo hayo. Nani asiyejua uchungu huo? Virusi vya maradhi haya huchukuliwa na inzi weupe wadogo walio chini ya majani, na tena huchukuliwa na sisi wenyewe, tunapoazimana mbegu. Dawa ya kuuponya mhogo uliokwisha kuambukizwa haipo. Iliyopo ni kung'oa shina lililougua na kupanda mbegu safi.

Bwana shamba ni mmoja na vijiji vyake ni vingi. Basi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, pamoja na wale wa taasisi ya utafiti wa kilimo iitwayo IITA, wametengeneza programu ya simu janja yenye jina la kwetu: Nuru. Imo ndani ya programu iitwayo PlantVillage. Waielekeza kamera ya simu kwenye jani la mhogo, nayo yatazama, kisha yakuambia kama yaona batobato, au michirizi ya kahawia, au dalili za utitiri wa kijani, au jani zima. Yasema Kiswahili. Na ukishaipakua mara moja mahali penye mtandao, waweza kwenda nayo bondeni kusiko na mnara hata mmoja, nayo yafanya kazi.

Labda utaniuliza: simu yajuaje mihogo? Ilifundishwa. Wataalamu walipiga picha za majani, zaidi ya 2,700, katika mashamba ya majaribio ya IITA karibu na Bagamoyo. Wajuzi wa mihogo wakaieleza kila picha: hili lina batobato, hili lina michirizi, hili ni zima. Kisha kompyuta ikazipitia picha hizo tena na tena mpaka ikashika tofauti zake, kama vile mtoto anavyojifunza kutofautisha mchicha na magugu kwa kumfuata mama yake. Nilisomea ualimu, nami nakwambia kwamba mwanafunzi huyu ana mipaka kama mwanafunzi mwingine yeyote. Yale aliyoonyeshwa anayajua, asiyoonyeshwa hayajui. Ukimpelekea jani la mpapai asilofundishwa, usitegemee jibu la maana.

Na mipaka yake imepimwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba Nuru, ikitazama jani moja, ilipata asilimia 65 ya majibu sahihi. Maofisa ugani waliopimwa walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Usione haya, ndugu mkulima. Dalili hizi zafanana, na hata wataalamu huvutana. Lakini angalia jambo hili lenye faida: Nuru ilipoonyeshwa majani sita ya shina moja badala ya moja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kwa hiyo usipige jani moja ukakimbia nyumbani na habari. Onyesha majani sita, ya juu na ya chini, maana michirizi ya kahawia hupenda kuonekana katika majani ya chini, yaliyokomaa. Kisha nenda kwenye shina jingine.

Tena Nuru haioni chini ya udongo. Yaona jani tu. Mimi ningeitumia hasa siku ile kabla ya kwenda kwa shemeji kuomba mbegu. Lipitie shamba lake, chunguza mashina mengi, na yale yenye dalili yaache, hata kama fimbo zake ni nene za kutamanisha. Ukitia mashaka, mng'oe shina moja mkate mizizi yake muone. Na penye bwana shamba, mwonyeshe picha. Simu haikuja kumfukuza kazi. Si lazima kila nyumba iwe na simu janja. Simu moja ya kijana mmoja katika kikundi cha wakulima yatosha kitongoji kizima.

Nikiwa bado kwenye vitu visivyotaka mtandao, walimu wenzangu wa shule za vijijini nawaambia neno moja: Kiwix. Ni programu ya bure, nayo hukuwezesha kuhifadhi kamusi elezo ya Wikipedia ya Kiswahili yote katika simu au kompyuta, kisha ukaisoma bila bando. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, nayo imeandikwa na watu wa kujitolea, hivyo iko makala iliyoshiba na iko iliyo mifupa mitupu. Lakini katika shule ambayo kitabu kimoja cha jiografia chagombaniwa na watoto wanane, mifupa nayo hutoa mchuzi. Yatosha mwalimu mmoja kuipakua mjini, na wenzake wakaihamisha kwa memori kadi.

Na mama zetu wasiojua kuandika, au wenye macho yaliyochoka? Katika simu nyingi janja, juu ya herufi za kuandikia, pana picha ndogo ya maikrofoni. Tangu mwaka 2017 Google wameweka Kiswahili katika huduma hiyo: wagusa, wasema, na maneno yako yanaandikwa. Mara nyingi yataka mtandao, na hukosea majina ya watu na ya vijiji, hasa akisema mtu asiye na meno. Kwa wengi sauti yenyewe ya WhatsApp ni bora zaidi: bibi asema anavyosema, mjukuu aliye Dar es Salaam amsikia, hakuna wa kati wa kusoma siri zao.

Sasa nalitaja lile swali la tatu nililoliacha mwanzoni. Chombo hiki chachukua nini kwangu?

Kutuma fedha kwa simu ni baraka kubwa. Hilo nani atalikana? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008, na makampuni mengine yakafuata. Zamani mtoto akiugua bweni, baba alipanda basi na fedha soksini. Leo zafika kabla chai haijapoa. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya fedha kuingia, mwizi naye ameuona.

Watu huja ofisini kwangu parokiani na simu zao niwasomee ujumbe. Kwa hiyo nimeuona mara nyingi ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mwizi hamjui yeyote. Atuma maneno hayo kwa watu maelfu, akitumaini kwamba miongoni mwao yuko mmoja ambaye kweli leo alikuwa akitaka kumtumia mtu fedha. Mama mmoja mjane alikuja akiwa na haraka. Alikuwa amekusanya fedha za mwanawe aliye chuoni, na ujumbe umeingia saa ile ile. Namba si ya mtoto, lakini alifikiri kwamba simu ya mtoto imeharibika ameazima ya rafiki. Nikamwomba tumpigie mtoto kwa namba yake ya siku zote. Akapokea. Hakuwa ametuma neno lolote. Yule mama aliketi kwenye benchi kimya muda mrefu, mkoba wake mapajani. Ilikuwa fedha ya kuku wake wote.

Basi shika haya. Ujumbe wa fedha ukija, piga kwa namba unayoijua tangu zamani, wala si kwa ile iliyoandika. Namba ya siri usimpe mtu, hata ajiitaye mfanyakazi wa kampuni ya simu, hata ajuaye jina lako lote. Kwetu Tanzania namba ya tapeli yaweza kutolewa taarifa kwa kuituma kwenda 15040. Na ukibonyeza *106# waweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye kampuni ya simu waifute, kabla mtu hajatapeli wengine kwa jina lako.

Kuna na hizi programu za mikopo. Zasema: pata fedha dakika tano, bila dhamana. Ndugu, dhamana ipo, nawe waitoa bila kujua. Unapoiweka katika simu, yakuuliza kama waikubali isome orodha ya majina na namba zako. Watu hubonyeza "kubali" bila kusoma. Mkopo ni wa siku chache, na riba yake imefichwa katika makato. Ukichelewa, ujumbe wa kukuaibisha watumwa kwa mkwe wako, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mwenyekiti wa jumuiya: fulani ni mdaiwa, mwambieni alipe. Wako watu wenye heshima zao waliofungiwa ndani kwa aibu hiyo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kufungiwa kwa 69 hakuzuii la 70 kuzaliwa kwa jina jingine. Mimi kwa upande wangu naona heri kikundi cha kuweka na kukopa, ambako anayekudai hukaa nawe benchi moja, na kitabu cha hesabu chasomwa mbele ya wote. Programu inayotaka kujua majina ya ndugu zako ili ikupe shilingi elfu thelathini, ifute.

Neno la mwisho ni kwa yule aliyekwisha kuamua kwamba mwaka huu nyumba yake itapata simu janja. Usitazame kioo wala rangi. Bonyeza *#06#, namba ndefu ya tarakimu 15 itatokea. Itume kwa ujumbe kwenda 15090, nawe utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu lisipolingana na jina lililoandikwa mgongoni, simu hiyo ni bandia. Zilizokuwa bandia zilizimwa kote Tanzania tarehe 16 Juni 2016. Kisha ingia katika mipangilio, mahali palipoandikwa habari za simu, utazame ni Android ya namba ngapi. Simu kuukuu zilizopakwa rangi mpya ndizo zinazoletwa vijijini. Mwezi Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zote zenye Android iliyo chini ya 5.0, na kila baada ya muda kiwango hicho hupandishwa, kwa hiyo tafuta iliyo juu kadiri fedha yako inavyoruhusu. Mambo hayo mawili hayachukui hata dakika tano. Muuzaji akikataa kukuwashia simu ili uyaone, mrudishie simu yake.